Fundi Ikauke na Ufa wa Ngazini

Jina alilopewa na wazazi wake limeandikwa kwenye hati ya nyumba, na hati ya nyumba iko benki. Huku mtaani basi halina kazi. Sisi tunamwita Ikauke. Ni fundi plasta, na hilo ndilo neno linalomtoka kabla ya salamu. "Fundi, lini unatupakia rangi?" Ikauke kwanza. "Fundi, tuhamishie kabati leo?" Ikauke kwanza. Watu wamemtania hadi wamechoka, yeye hajachoka kusubiri.

Ukimkuta kazini utampenda. Hupitisha kiganja ukutani kama anayempapasa ng'ombe mgeni, kisha hugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Akikuta ufa, haugusi. Hukata kipande chembamba cha kioo cha dirisha na kukilaza juu ya ufa, ncha moja huku, ncha nyingine kule, kila ncha akiishika kwa donge la plasta. Kisha huondoka zake. Kioo hakijui kunyumbulika. Ufa ukisogea hata unene wa unywele, kioo kinakatika, na fundi anajua kwamba ukuta bado unatembea. Kikikaa misimu miwili ya mvua bila kukatika, ufa umelala, na hapo ndipo anapochukua mwiko.

Wateja hawampendi kwa hilo. "Fundi, usipoziba ufa utajenga ukuta," humwambia, wakidhani wamemweza.

"Na ukiziba ufa unaotembea," hujibu, "utalipa plasta leo na ukuta kesho."

Nyumba yake yeye iko nyuma ya kile kiwanda cha viatu. Aliinunua kwa mkopo wa benki siku zile mashine zinanguruma, wasimamizi na makarani wanagombania kila chumba chenye paa. Bei ilikuwa juu, na mkopo ukawa juu vilevile. Chini kulikuwa na chumba kimoja kikubwa cha mbele, jiko na choo. Juu, vyumba viwili. Mkewe alifungua saluni katika chumba kile cha mbele, na saluni hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa benki kila mwezi, kwa sababu pesa ya plasta, kama mwenyewe mwenye kazi, haina haraka.

Kisha kiwanda kikafunga. Mashine zilipakiwa kwenye malori zikaenda kusikojulikana, makarani wakazifuata, na mtaa ukabaki na mabango ya "Nyumba Inauzwa" yaliyopauka kwa jua. Bei za nyumba zilishuka ngazi hadi chini. Deni lilibaki ghorofani.

Ghorofani vilevile alikuwepo bibi, mama mzazi wa mkewe. Alipokuja kuishi nao alikuwa bado na miguu. Kila asubuhi alishuka, mkono mmoja ukutani, akaketi kwenye kiti cha pembeni saluni na kuhukumu vichwa vya watu. "Huo msuko unakuzeesha, mwanangu. Fumua." Wateja walikuja kusukwa na mwanawe, lakini walichelewa kuondoka kwa ajili yake.

Halafu magoti yakamkatalia. Siku moja alishuka vidato vichache akaketi palepale kwenye ngazi, na hakuinuka. Binti na mkwe walimbeba wakamrudisha juu, na tangu siku hiyo dunia yake ikawa kitanda, dirisha na sakafu. Sakafu, kwa sababu akisikia kicheko chini hugonga kwa bakora: "Mnacheka nini? Rudieni!" Na wao hurudia kwa sauti, lakini mzaha uliorudiwa kwa kupigiwa kelele huwa umeshapoa.

Mwanawe wa kiume, anayeishi mji mwingine, akapiga simu. Nyumba yake haina ngazi, alisema. Mwisho wa mwezi atakuja na gari amchukue mama. Shida ni kwamba yeye na mkewe hutoka alfajiri na kurudi jioni. Bibi angeshinda peke yake, mlango umefungwa kwa nje. Walipomuuliza, bibi alitazama dirishani. "Nitakwenda," alisema, "kama mmenichoka."

Binti yake alishuka akasuka kichwa kizima bila kuongea.

Jioni ile mume na mke walikubaliana kujenga chumba cha bibi uani, kikiegemea ukuta wa ngazi, kiwe na choo chake. Kazi ya mikono ingekuwa ya Ikauke. Tofali, bati na mabomba yalitaka pesa, na kitu cha pekee walichokuwa nacho cha kukopea kilikuwa nyumba ambayo tayari ilikuwa rehani.

Dada wa benki aliwapokea vizuri. Aliwavutia viti, akatazama kompyuta yake kwa muda mrefu kuliko walivyopenda.

"Niseme ukweli, wazee wangu. Nyumba yenu leo ina bei ndogo kuliko deni lake. Mkiiuza leo, mtatukabidhi sisi pesa yote na bado mtabaki mnadaiwa."

"Subiri," akasema Ikauke. "Nauza nyumba, mtu anahamia, anajipikia chai ndani, na mimi naendelea kuilipia?"

"Ndivyo."

"Hiyo chai atanipa?"

Dada akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Akawaeleza kwamba benki haiwezi kuwaongezea mkopo hata kidogo. Wapo wakopeshaji wengine wanaokubali nyumba ile ile iwekwe rehani mara ya pili, benki ya kwanza ikiridhia. Lakini huyo wa pili hukaa nyuma. Siku nyumba ikipigwa mnada, wa kwanza anakula kwanza.

"Na wa kwanza mwenyewe hashibi," akasema mke.

"Hashibi, mama. Ndiyo maana wa pili atataka riba kubwa, na atataka kitu kingine cha kushikilia."

Walimpata huyo wa pili juu ya duka la magodoro, ofisi ndogo yenye zulia jipya. Alikuwa bwana mpole kupita kiasi, wa kusema "bila shaka" kila baada ya pumzi. Riba aliitaja kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa. Kitu kingine cha kushikilia, alisema, kingekuwa vyombo vya saluni: viti, vioo, mashine za kukaushia nywele. Mthamini angekuja kesho yake asubuhi kuitazama nyumba, na akiikuta katika hali nzuri, bila shaka wangeweza kuzungumza.

Walirudi kwa miguu. Mke ndiye aliyeanza.

"Ule ufa wa ngazini uzibe leo."

Ikauke akaendelea kutembea.

"Nakwambia wewe bwana. Mthamini akiingia, kitu cha kwanza atakachoona ni kioo chako kimebandikwa ukutani kama bandeji. Toa kioo, ziba, paka rangi."

"Rangi mbichi itanuka."

"Basi inuke! Afadhali inuke kuliko ionekane."

Walipofika, saluni ilikuwa imeshafungwa. Mke aliwasha taa ya ngazini akasimama mbele ya ufa. Ulianzia chini karibu na kidato cha kwanza ukapanda kwa mshazari hadi usawa wa bega, na katikati yake kilikuwapo kile kioo, safi, bila alama.

"Kiko hapa tangu mama ahamie. Hakijakatika. Wewe mwenyewe unasema misimu miwili inatosha, na hii imepita mingapi? Ufa umelala zamani. Mbona huzibi? Kinyozi hajinyoi?"

"Ikauke kwanza…"

"Nini ikauke? Hapa kimelowa nini?"

Juu ya vichwa vyao bakora iligonga sakafu, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu.

"Pandeni huku! Wote wawili! Yaliyokufa ni magoti, si masikio!"

Walipanda. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bakora mapajani. Alimtazama binti yake.

"Mwanangu, hicho kioo unachosema kiko pale tangu nije. Kina rangi gani?"

"Kioo ni kioo, mama. Cheupe."

"Nilipokuja kilikuwa cha kijani. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nashika ukuta hapo kila nikishuka, nikasema moyoni, hawa watu wamebandika chupa ukutani. Baadaye kikawa cheupe. Baadaye tena kikawa cheupe lakini kifupi. Kila ukienda kununua mafuta ya nywele, nasikia patasi hapo ngazini, kwa, kwa, kwa, polepole, kama panya aliyelelewa vizuri."

Ikauke alikuwa akitazama mikono yake. Ina weupe wa chokaa kwenye mistari ya viganja ambao hautoki hata kwa sabuni ya unga.

"Mama alijua," akasema mkewe, taratibu. "Mama alijua, na wewe ulijua. Mimi ndiye niliyekuwa nafuta vumbi kwenye hicho kioo kila asubuhi na kusema alhamdulillahi."

"Mimi nilinyamaza kwa woga wangu," akasema bibi. "Nyumba ikianza kuzama, mzigo wa kwanza kutupwa ni mzee. Usimkasirikie mumeo peke yake, nigawie na mimi."

"Ulikuwa ndio umefungua saluni," Ikauke akasema hatimaye. "Ulikuwa unaamka unaimba. Kilipokatika cha kwanza, nikasema nitakwambia ufa ukitulia. Nikaweka kingine. Kikakatika. Nikasema basi, msimu huu ukipita."

Hebu mfikirie mtu huyu. Mtaa mzima umesubiri kwa sababu yake: wapangaji wamelala sebuleni, maharusi wameahirisha kuhamia, kwa kuwa fundi hakubali kufunika kitu ambacho hakijasema mwisho wake. Na nyumbani kwake alikuwa akibadilisha kioo, kama muuguzi anayefuta kipimo cha homa kabla familia ya mgonjwa haijaingia. Simhukumu. Wengi wetu tuna ukuta mmoja tusioweza kuugonga na kutega sikio, na mara nyingi ni ule tunaolala karibu nao.

Mke alishuka. Hakupiga mlango wala hakupaza sauti. Aliingia saluni, akajikuta ameketi kwenye kiti cha mteja, anatazamana na uso wake mwenyewe. Alikifikiria kile chumba cha uani walichokwisha kukipanga, kitanda hapa, dirisha pale, kikiegemea ukuta uleule. Deni juu ya deni, na yote mawili juu ya ukuta unaotembea. Na hivi viti viwe vya yule bwana wa bila shaka.

Ikauke alikuja akasimama mlangoni.

"Tungekopa," akauliza mkewe akimtazama ndani ya kioo, "ungeniambia lini?"

Alifungua mdomo. Neno lake la siku zote lilikuwa tayari ulimini, na ilibidi alimeze.

"Sijui," akasema. "Labda nisingekwambia."

Lilikuwa jibu baya, lakini mkewe aliniambia baadaye kwamba ndilo lililomfanya amsogezee kiti cha pili.

Asubuhi mthamini alikuja, mtu mfupi mwenye viatu vya vumbi na futi ya chuma kiunoni. Alikuwa anaelekea chumba cha mbele kama wafanyavyo wote, lakini mke wa Ikauke alimshika njia.

"Baba, anzia hapa," akasema, akamwonyesha ngazi.

Ikauke alieleza yote: kioo cha kijani, cheupe, na kifupi. Mthamini alisikiliza, akachuchumaa, akafuata ufa kwa kidole hadi chini. Kisha, badala ya kuandika, akatoka nje. Walimkuta uani kichwa kakiinua juu.

"Maji ya paa lenu yanakwenda wapi?"

Waliinua vichwa nao. Mfereji wa bati ulikuwa umeachana na bomba lake, na maji ya paa zima yalikuwa yakimwagika kwenye pembe ya ngazi. Ardhi pale ilikuwa laini kama ugali usioiva. Mthamini aliichoma kwa kijiti, kikazama.

"Kila mvua inaponyesha, pembe hii inakunywa," akasema. "Ukuta unafuata."

Ikauke alishika kiuno. "Maisha yangu yote natazama kuta," alisema. "Sijawahi kuinua shingo."

"Kila mtu na kazi yake, fundi. Mimi najua bei ya mtaa huu wote, lakini mke wangu hanitumi sokoni." Kisha akakohoa. "Ila nitaandika nilichokiona. Nyumba kama ilivyo."

"Andika, baba," akasema mke.

Siku chache baadaye bwana mpole alipiga simu. Kwa bei aliyoandika mthamini, nyumba haiwezi kubeba rehani ya pili, bila shaka wanaelewa. Niseme walipumua? Nitakuwa nawadanganya. Mke alienda kuosha taulo zilizokuwa zimeshaoshwa. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, gari la kaka mtu lilikuwa linakuja, na chumba cha bibi hakipo wala hakitakuwepo.

Alipomaliza taulo, alisimama katikati ya saluni. Alihesabu viti kwa macho, akapima kwa hatua kutoka dirishani hadi ngazini. Kisha akamwita mumewe.

"Nusu hii iwe ya mama," akasema. "Tuweke pazia. Mashine mbili niziuze, nibaki na moja."

"Nusu ya saluni ni nusu ya pesa, mke wangu. Na benki haipunguzi nusu."

"Najua. Ndiyo maana na wewe utakubali zile kazi unazozikataa."

Ikauke alizijua kazi hizo: wenye nyumba za kupanga wanaotaka kiraka leo na mpangaji kesho. Miaka yote alikuwa akiwafukuza. Alijikuna kidevu.

"Nitawawekea kiraka," akasema. "Lakini nitawaambia ni kiraka."

Pesa ya mashine ya kwanza ilinunua bomba jipya la mfereji na mawe. Ikauke alichimba mtaro kutoka pembe ya ngazi hadi barabarani. Alitengeneza mteremko laini kwenye mlango wa choo cha chini ili bibi asikutane na kidato, akafunga bomba la kushikia, na kwa mara ya kwanza mtaa ukamsikia akilalamika kwamba saruji inachelewa kukauka.

Kaka mtu alifika na gari, amevaa shati la safari. Akapewa mguu wa kiti abebe. Walimketisha bibi kwenye kiti cha saluni, wakaanza kumshusha, kaka mtu chini, Ikauke juu. Walipofika pale kwenye ufa, bibi alipiga mkono wa kiti.

"Simameni. Kioo kiko wapi?"

Hakikuwepo. Ikauke alikuwa amekibandua siku ile ya mthamini na hakuwa na moyo wa kuweka kingine.

"Sipiti mpaka kiwekwe."

"Mama!" akasema kaka mtu kutoka chini, amekaza meno. "Nimekubeba!"

"Na mimi nilikubeba. Hukunisikia nikilia njiani. Kiegemeze kiti ukutani usubiri."

Kiti kikaegemezwa, kaka mtu akakizuia kwa bega. Ikauke alikata kioo, akachanganya plasta kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele, akakibandika ncha mbili. Kisha mkewe alikuja na kichupa cha rangi ya kucha, ile nyekundu ya maharusi, akamsogeza mumewe kwa kiwiko, akaandika tarehe juu ya kioo kwa mkono wake mwenyewe, na chini yake akatia sahihi yake ndefu yenye mkia.

"Sasa mnaandikiana barua huku mimi nimebeba mtu?" kaka mtu akaguna.

"Hii barua siyo yako," dada yake akamjibu. "Ni ya fundi. Huu mwandiko hawezi kuuiga."

Ikauke aliutazama ule mkia wa sahihi, akakubali kwa kichwa.

Alilala siku mbili huyo kaka mtu. Alitaka kuondoka na mama yake, lakini kila alipoanza kusema, mteja alikuwa akichungulia nyuma ya pazia kuuliza kama msuko unamzeesha. Akaondoka peke yake, gari tupu.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mchana, saluni ina wateja wawili na mashine moja wanayoigombania. Ikauke alikuwa nje, gunia kichwani, akitazama mfereji, bomba, mtaro. Maji yalikuwa yakikimbia kwenda barabarani yakibeba majani na kitana kilichovunjika. Bibi alikuwa kitandani kwake, uso umeelekea ngazi, pazia wazi.

Mvua iliposhika sana, Ikauke aliingia, anachuruzika. Kutoka mlangoni alipokuwa amesimama, kioo kilikuwa hatua chache tu, lakini hakukisogelea.

"Nenda basi ukaangalie," mkewe akasema, vidole vimo kwenye nywele za mtu.

"Hapana," akasema. "Niambie wewe."

Alimwacha mteja na msuko nusu, akaenda ngazini. Aliinama, akakisoma kioo kutoka ncha hadi ncha, akapitisha ukucha juu ya maandishi yake. Alichukua muda wake. Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Kizima," akasema mkewe.

Ikauke alitikisa kichwa, akavua gunia.

"Ni mvua moja tu," akasema.

"Ni mvua moja," mkewe akakubali, akarudi kwenye msuko.